Mwenyekiti Aliyetaka Kila Neno Liandikwe

Wewe ninayekuandikia nakuhesabu kama mtu wa ndani, yule anayeingia jikoni kwangu na kujichotea chai bila kusubiri kukaribishwa. Kwa hiyo sitakupambia maneno. Nitakueleza habari za Mwenyekiti kama ninavyozikumbuka, na pale nisipokumbuka vizuri nitakwambia.

Jina lake silitaji. Hapa Bugene hatukumwita kwa jina. Aliongoza jumuiya yetu ndogo miaka mingi mpaka watoto wakadhani Mwenyekiti ndilo jina lake la ubatizo. Ukoo wake na alikozaliwa wataeleza wengine. Jumuiya ni sisi familia jirani, tunasali pamoja kila Jumamosi asubuhi, leo kwa huyu, wiki ijayo kwa yule. Ukitaka mtoto abatizwe, apate komunyo ya kwanza, au wewe mwenyewe uzikwe na padri, fomu inaanzia kwa mwenyekiti wa jumuiya. Asiposaini, haifiki parokiani. Shika hilo, maana mambo yote yalizungukia hapo.

Alikuwa anakuja kusali na kigoda chake, amekifunga nyuma ya baiskeli kwa mpira. Ukimwambia, "Mwenyekiti, kiti hiki hapa," anasema, "Hicho ni cha wenye nyumba." Wengine waliona ni maringo. Baiskeli yenyewe sikumbuki kumwona ameipanda. Aliisukuma kwenye mlima, akaisukuma kwenye mteremko, akaisukuma hata pale kwenye barabara nzuri ya kwenda Kayanga ambako bodaboda zilikuwa zinampigia honi.

Sala ilikuwa saa kumi na mbili na nusu. Siku moja mvua ilinyesha tangu alfajiri, na zamu ilikuwa kwetu. Nyumbani tulikuwa mimi na mama mkwe wangu tu. Mwenyekiti akafika amejifunika nailoni, akaketi kwenye kigoda, akaanza. Alisoma injili. Alisoma matangazo yote, pamoja na yale ya vijana, akatutazama sisi wawili. "Mwenye swali?" Mama mkwe akasema hana. "Mwenye nyongeza?" Hakuna. Akafunga kwa sala, akanywa vikombe vitatu vya chai, akaondoka na mvua yake. Chai kabla ya sala hakuigusa kamwe. Baada ya sala alikunywa mpaka birika linalia.

Mimi nimesoma kwa sababu yake. Nililetwa hapa kuolewa nikitokea Ihembe, najua kuandika jina langu na kusoma namba za noti. Katibu wetu alipohamia Bukoba, Mwenyekiti alinielekeza kidole mbele ya watu wote.

"Wewe."

"Mimi sijui kuandika, Mwenyekiti."

"Hujui kabisa?"

"Najua jina langu tu."

"Basi una herufi za kuanzia. Kuna masomo ya jioni pale shuleni. Jumatatu uwepo."

Nilikuwa na umri wa miaka thelathini na nne na mtoto mgongoni. Nilikwenda. Mume wangu hakukataa, maana ukikataa jambo la Mwenyekiti alikufuata mpaka shambani akuulize sababu, kisha akuulize sababu ya hiyo sababu. Mwaka wa pili nilianza kuandika mihutasari ya jumuiya. Niliandika polepole, ninatamka kila neno kwa midomo, na yeye alinisubiri. Watu wakianza kuguna alisema, "Katibu anaandika." Wananyamaza. Alitaka kila neno liandikwe, na mbele ya kila neno jina la aliyelisema. Jambo ambalo halijaandikwa aliliita upepo.

Usidhani alikuwa mtu mpole. Mama mmoja mjane alichelewa sala mara tatu kwa sababu ya ng'ombe, Mwenyekiti akamsomea jina lake hadharani kama walivyosomewa wengine. Yule mama alilia. Mwenyekiti alisubiri amalize kulia, akaendelea na jina lililofuata. Pombe alikuwa anaikataza kwenye kila kikao, na yeye ndiye fundi wa rubisi kuliko wote Bugene. Ukiwa na harusi unampelekea ndizi zako zilizoiva, anazikamua, anachanganya na mtama uliokaangwa, anakuletea pombe ambayo wazee wataizungumzia mwezi mzima. Yeye haonji. Nilimuuliza anajuaje kama imekolea. Akasema, "Naisikiliza."

Na kuna hili, ambalo wengi hawakuliona mpaka wakae nyuma yake kanisani. Mwenyekiti hakupokea komunyo. Alikuwa na ugomvi wa mpaka wa shamba na mdogo wake, walikuwa hawasalimiani, na yeye alisema mtu asiyesalimiana na ndugu yake hana ruhusa ya kwenda altareni. Kwa hiyo alisaini fomu za watoto wetu miaka yote ile, na Jumapili watoto wakipanga mstari yeye anabaki amekaa, kofia iko magotini. Padri alimwambia aende wapatane. Alijibu kwamba akijisikia kupatana kweli atakwenda, lakini hatakwenda kwa ajili ya kupata ruhusa.

Sasa mtoto.

Mugisha ni mwanangu wa tatu. Nilimzaa mvulana, na mvulana ndivyo ilivyoandikwa kwenye cheti. Tangu anaanza kutembea alikuwa anafunga kitenge changu kifuani. Wanawake tukikaa kunyonyoa senene, yeye yuko katikati yetu, miguu ameikunja upande kama sisi. Alisuka nyuzi za mgomba ndefu, akazifunga kichwani, zikamfika mgongoni. Wakati wa kahawa alitunga punje nyekundu mbili mbili kwenye uzi, akazitundika masikioni. Akiwa mdogo watu walicheka naye. Alipofika miaka tisa walianza kumcheka yeye.

Sina jina la kukupa la jinsi alivyo. Watu wanayo majina, karibu yote ni matusi. Nilimuuliza mwenyewe siku moja tunamenya ndizi.

"Mugisha, kwa nini unapenda kufunga kitenge?"

"Nikikifunga natulia."

"Na ukikivua?"

"Nangojea kukifunga tena."

"Ukikifunga unakuwa nani?"

Alinishangaa. "Mugisha," akasema, akaendelea kumenya.

Miaka miwili nilimwomba Mungu ambadilishe. Nilifunga, nilisali novena, sikumwambia mtu. Mtoto hakubadilika ila alianza kujificha, na kujificha kulimfanya mwongo, wakati hakuwa mwongo. Hapo ndipo niliacha ile sala. Nikaanza kuomba apate watu wa kumvumilia, mimi nikiwa wa kwanza. Baba yake hakufika hapo upesi. Alimkuta nyuma ya nyumba amefunga kitenge na nywele zake za mgomba, akavunja tawi la mbuni akampiga. Nilisimama katikati na fimbo mbili zikanipata mimi. Hatukuongea siku nne. Nilimwambia tu kwamba akitaka kumpiga tena aanzie kwangu, na kwamba nimeshajua kuandika, nitaliandika na jina lake.

Mwaka huo Mugisha alikuwa kwenye orodha ya komunyo ya kwanza. Mwenyekiti hakusaini fomu ya mtoto kabla ya kumhoji mwenyewe, nyumbani kwake, mmoja mmoja. Nilimpeleka Mugisha mchana. Tulimkuta amechuchumaa kwenye mkeka anachambua kahawa, anatoa mbovu. Mugisha alikuwa na zile punje zake masikioni, mimi nilikuwa nimesahau kumwambia azitoe, au labda sikusahau. Alipiga goti akasalimia shikamoo.

"Marahaba. Hizo ni za nani masikioni?"

"Za kwetu, babu."

"Kahawa haivaliwi. Inauzwa. Toa."

Mugisha akazitoa, akazishika mkononi. Mwenyekiti akanyoosha kiganja, akazipokea, akazichunguza, akaziweka kwenye fungu la nzuri. Kisha akamhoji. Baba Yetu, Nasadiki, amri kumi kuanzia mwanzo, halafu kuanzia mwisho kurudi nyuma, kitu ambacho alifanya kwa watoto wote na kilichoangusha wengi. Mugisha alizirudisha kinyumenyume bila kukwama. Mwenyekiti aliendelea kuchambua. Hakumsifu. "Nenda," akasema. Kwangu akasema, "Fomu nitaisaini kwenye kikao, kama zote."

Kikao kilikuwa kwa Ma Adventina, jirani yangu wa upande wa chini, tuliyekuwa tunaazimana kinu. Tulisali, zikaja fomu. Watoto walikuwa sita. Alisaini tano. Alipoichukua ya sita, mzee Projesti, ambaye ni mtani wa kuchekesha watu kwenye misiba, akakohoa, akaanza kwa neno la heshima.

"Waitu Mwenyekiti, kabla hujaandika. Sisi tumeongea."

"Mlioongea ni nani na nani?"

"Jumuiya."

"Jumuiya ni hii iliyokaa hapa. Imeanza kuongea sasa. Endelea."

Projesti akasema mtoto huyo anajifanya msichana, wote tunaona, na kwamba akipanda altareni jumuiya nyingine zitatucheka. Arudishwe mwaka mmoja mpaka ajirekebishe. Sauti ikatoka nyuma: ana pepo. Nyingine: mama yake ndiye anamlea hivyo, amesoma masomo ya jioni amekuwa mjuaji. Ma Adventina naye akasema hatembei kama mvulana. Watu wakacheka kidogo. Mugisha hakuwepo, alikuwa nje na watoto wenzake, nilikuwa nasikia sauti yake. Mimi nilikuwa nimeshika kalamu. Mume wangu alikuwa amekaa mlangoni, ameinamisha kichwa.

"Katibu," Mwenyekiti akasema, "andika."

Sikuelewa. Nilimtazama. Nilidhani naye amekuwa mmoja wao.

"Andika. Muhtasari huu unakwenda parokiani pamoja na fomu. Padri atauliza kwa nini tano zimesainiwa na moja haikusainiwa. Nani amesema pepo?"

Kila mtu akamtazama jirani yake.

"Pepo limeonekana, na aliyeliona hana jina?"

"Mimi nilisikia tu," akasema kijana mmoja.

"Andika: amesikia. Umesikia kwa nani?"

Yule kijana akasema hakumbuki. "Andika: hakumbuki." Nikaandika. Niliandika polepole kama siku zote, h, a, k, u, na nyumba nzima ikanisubiri. Nilipofika mwisho wa mstari yule kijana akasema, "Katibu, mimi nifute." Mwenyekiti akasema hapa hatufuti, tunaandika chini yake kwamba ameondoa neno lake. Nikaandika na hilo.

"Projesti. Kwamba jumuiya nyingine zitatucheka. Niweke jina lako?"

"Sasa Mwenyekiti, na wewe. Mimi ni mtu wa utani."

"Ni utani?"

"Basi utani."

"Katibu, andika: Projesti anasema ni utani."

Hapo watu wakacheka, na Projesti mwenyewe akacheka, lakini masikio yalikuwa yamemshuka. Wakaondoa maneno yao mmoja mmoja, mpaka akabaki Ma Adventina. Yeye hakuondoa. Akajifunga kitenge vizuri, akasema, "Mimi jina langu andika. Adventina. Nimesema mtoto yule hatembei kama mvulana, na sitaki mwanangu apange mstari naye. Sijatumwa na mtu."

Nikamwandika. Nakwambia kweli, yeye nilimheshimu kuliko wale wengine.

"Vizuri," Mwenyekiti akasema. "Mama, nitajie amri aliyoivunja."

Ma Adventina alifikiri. "Waheshimu baba na mama."

"Mama yake ni huyu anayeandika. Katibu, mtoto amekuvunjia heshima?"

Sikuwahi kuulizwa kitu kwenye kikao. Kazi yangu ilikuwa kuandika ya wengine. Nilijua nikisema hapana nimekata urafiki na nusu ya wanawake ninaokwenda nao kisimani, na nikikaa kimya fomu inalala. Nikasema, "Hapana. Hajanivunjia heshima. Na mimi simwoni ana kosa."

"Andika."

Nikaandika jina langu, na mbele yake maneno yangu. Herufi zinasomeka mpaka leo.

"Baba yake?"

Watu wakageuka mlangoni. Mume wangu akasema, bila kuinua kichwa, "Mimi nilimpiga. Hakunijibu hata neno moja. Asubuhi yake aliniletea maji ya kunawa." Akatazama nje walikokuwa watoto. "Hajanivunjia."

Mwenyekiti akaweka fomu gotini, akasaini kwa kalamu yake mwenyewe. Kura hakuitisha. Akauliza kama kuna mwenye nyongeza, akafunga kwa sala, na chai ya Ma Adventina akanywa vikombe vitatu kama kawaida.

Kwa komunyo nilimuuliza Mugisha anataka kuvaa nini. Aliomba shati jeupe la kumfika magotini. Fundi alilishona bila maswali. Kwenye mstari alikuwa wa nne, suruali nyeusi haionekani sana, anatembea anavyotembea. Mtoto wa Ma Adventina alikuwa wa tano; mama yake aligeuza uso ukutani mpaka mstari ukapita, lakini mtoto hakumwondoa. Nje baada ya misa Mwenyekiti alimtazama Mugisha kuanzia juu hadi chini. "Shati refu," akasema. Hakuongeza kitu.

Baada ya hapo mambo hayakuwa mepesi. Familia mbili zilihamia jumuiya ya jirani. Uchaguzi ulipofika Mwenyekiti hakuchaguliwa; walimchagua Projesti, ambaye anachelewa na hasomi matangazo yote. Jumamosi iliyofuata yule wa zamani alikuja na kigoda chake, akaketi nyuma karibu na watoto, akaitika kila sala. Hakuna aliyemwita kwa jina hata baada ya hapo. Projesti mwenyewe alikuwa anasema, "Mwenyekiti, tufungie sala," kisha anakumbuka kwamba mwenyekiti ni yeye.

Miguu ilipomzidi, mwanawe anayefanya kazi halmashauri ya Kyerwa alimchukua akaishi naye Rubwera. Mwaka jana nilikwenda huko kufuatilia cheti cha mama yangu, nikauliza nyumba, nikaelekezwa. Nilimkuta barazani, blanketi miguuni. Nilipiga goti nikamsalimia.

"Katibu," akasema. "Bado unaandika?"

"Naandika, Mwenyekiti."

"Na yule?"

Nilijua anamsema nani. Nikamwambia Mugisha ana miaka kumi na sita, yuko sekondari, anaimba kwaya sauti ya juu na wasichana. Shuleni anavaa sare ya wavulana kwa sababu ndiyo sheria. Nyumbani anafunga kitenge na baba yake hamwambii kitu. Juzi huyo baba alimletea kimoja kutoka mnadani, akakiweka mezani akatoka nje. Nikamwambia pia kwamba kuna siku anarudi na shati limechanwa. Sikumficha.

Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Nikwambie kitu ambacho hukukiandika."

"Niambie."

"Mimi sipendi anavyotembea. Tangu akiwa mdogo. Mpaka leo nikimfikiria sipendi. Siku ile, kama ningeitisha kura, na mimi ningenyoosha mkono na wale. Ndiyo sababu sikuiitisha."

Miaka yote nilikuwa nimemweka upande wangu, nimemwombea kama mtu wa upande wangu.

"Kwa hiyo ulisaini wakati hutaki," nikasema.

"Nilimuuliza akajibu yote. Ningemnyima kwa sababu gani? Kwa sababu macho yangu hayapendi? Macho yangu si amri."

Mkaza mwanawe akaleta chai. Akanywa kikombe kimoja, cha pili akakisukuma pembeni, tumbo halikubali siku hizi. Tulikaa. Watu wa ofisini walikuwa wanatoka kazini, wanapita, wanamwamkia, naye anawaitikia mmoja mmoja kikamilifu. Nilipoaga alinishika mkono wala hakuuachia upesi.

"Mlete nimwone," akasema. "Asije amevaa kwa ajili yangu. Avae anavyokaa nyumbani. Macho yatazoea, na yasipozoea hiyo ni kazi yangu, si yake."

Nilimpeleka likizo ilipofika. Alivaa kitenge kile alicholetewa na baba yake.

Nimemaliza. Wewe mtu wangu wa ndani, haya usiyaache kwako. Unamjua mtu anayeshika fomu, au funguo, au zamu ya mlango mahali fulani, na mbele yake kuna mtoto ambaye macho ya mtu huyo hayampendi. Msomee. Kama hajui kusoma, mhadithie wewe, polepole, na ukimaliza mwambie naye amweleze mwingine.